Mwaka Ndimi za Maksai Zilipolegea

Mwezi uliopita tulimzika Namonje pale Tunduma. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yananguruma barabarani, hata mchungaji akawa anapandisha sauti kuyashinda. Kijana mmoja wa kanisa, msomi, mwenye sauti nzuri, akasoma wasifu wa marehemu. Alisema marehemu alikuwa mama mpole, msikivu, na tangu ujana wake alikuwa mtiifu kwa viongozi. Niliposikia neno hilo, mtiifu, nikacheka. Mkwewe aliyekaa mbele yangu aligeuka akanishika mkono, akidhani ni kilio kimenikaba, na mimi nikamwacha aamini hivyo kwa sababu msiba haukuwa wangu peke yangu. Lakini tangu nimerudi nyumbani kwangu Vwawa neno lile linanikera kama mwiba wa samaki kooni. Mtiifu! Namonje! Tuliokuwapo mwaka ule tumebaki wachache, na wenzangu wengi hawapendi kuuzungumza. Nisipousema mimi, kijana yule ndiye atakayekuwa amesema la mwisho, na mimi sikubali.

Sitaeleza nilizaliwa kwa nani wala baba yangu alikuwa na mashamba mangapi. Naanzia kwenye chumba. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu wakiwa wametoka kuhamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, na sehemu zetu hizi zote zilikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Kijiji chetu kilipangwa mistari mistari kando ya barabara kuu. Mwishoni mwa mstari wa juu kulikuwa na banda refu la kuku lenye bati jipya, linalong'aa kuliko nyumba ya mtu yeyote, na mwishoni mwa banda kulikuwa na stoo ya pumba. Ndani ya stoo ile tulilala wasichana wawili, mimi na Namonje, juu ya mkeka wa matete katikati ya magunia. Tulichaguliwa kulea kuku wa kijiji kwa kuwa tulimaliza darasa la saba na hatukuwa tumeolewa. Chumba kilinuka kuku hata uoge vipi. Nywele zilinuka, kanga zilinuka, na Jumapili kanisani watu walituachia nafasi pana kwenye benchi. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa ndio ukuta wa ofisi ya kijiji. Aliyeujenga aliishiwa matofali kabla hajafika darini, akauacha hivyo, kwa hiyo kila lililosemwa ofisini tulilisikia kana kwamba tunasemeshwa sisi.

Namonje alinizidi miaka kama mitatu. Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea haraka na huku akiongea. Alikuwa na ndugu upande wa pili wa mpaka, na kila alipotoka kuwatembelea alirudi na kapenta, dagaa wakavu wa kule, waliofungwa kwenye gazeti na kipande cha chikanda, ule mkate wa mizizi ya porini ambao watu wa Zambia wanaupenda kuliko nyama. Kuku wetu walitaga sana, ila mayai yalikwenda ofisini na mengine yalipelekwa mjini. Sisi tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mzito, kwa maharage, na siku ya kapenta ilikuwa sikukuu. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya magunia huku tukisikiliza ofisini kama watu wanavyosikiliza redio. Namonje alikuwa na tabia ya kujibu yanayosemwa upande wa pili, kwa sauti ndogo, mdomo umejaa ugali. Mwenyekiti akisema, "Wananchi wamekubali kwa furaha," Namonje ananong'ona, "Lini?" Mimi nabanwa na kicheko mpaka machozi yananitoka.

Mwenyekiti huyo sitamtaja jina, ana wajukuu na hawajanikosea. Nitasema tu kwamba hakuwa mtu mbaya kwa kuzaliwa. Alipenda sana kusifiwa, na banda la kuku ndilo lililomletea sifa. Kila mgeni wa serikali aliyepita kwenda Tunduma alisimamishwa aone kuku weupe wa Ujamaa. Mwenyekiti angesimama mlangoni akiwa amevaa kaunda suti, anamwonyesha mgeni kwa fimbo yake: wale pale, na wale kule, na hawa mabinti ndio walezi. Sisi tulipiga makofi.

Kiangazi kilipokolea, kideri kikaingia. Anayefuga kuku anajua ninachokisema. Asubuhi unakuta wachache wamepinda shingo, wanazunguka kama walevi. Jioni wamekufa, na kesho yake ni wengi zaidi. Tulikuwa tunaitoa mizoga kwa toroli, tunachimba shimo, tunafukia. Katikati ya kazi hiyo tukasikia ukutani kwamba wageni wa mkoa wanakuja. Mwenyekiti akaingia bandani na kitambaa puani, akatazama, akasema, "Marufuku kutoa mzoga nje. Shimo lile linaonekana barabarani. Wageni wataona."

"Tuiweke wapi basi?" Namonje akauliza.

"Fukieni humu humu. Maranda yapo tele."

Sakafu ya banda tuliitandika maranda, taka za mbao zilizoletwa kutoka kwenye karakana, nayo yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Namonje akaweka koleo chini. "Mwenyekiti, walio hai wanakanyaga humo, wanadonoa humo. Mimi sifukii." Nami nikaweka koleo langu chini, sijui kama ni kwa ushujaa au kwa kuwa nilizoea kufanya alichofanya yeye. Mwenyekiti hakubishana nasi. Aliwaita vijana wawili wa mgambo, wakafukia wao, wakaongeza maranda juu, wakasawazisha vizuri kama watu wanaotandika kitanda. Wageni walipokuja walisimama mlangoni, wakawaona kuku waliosalia wamesogezwa mbele, wakasifu. Mchana wakala kuku ofisini. Tulisikia mifupa ikivunjwa na mtu mmoja akisema mchuzi huu ni mtamu kweli. Namonje akaniangalia, akasema, "Wangejua wamesimama juu ya nani."

Baada ya hapo joto likaendelea, maranda yakalowa na kuvimba, yakaanza kutoa harufu ambayo hata sisi tuliozoea ilitushinda. Wakati huo huo majani ya malisho yalikuwa yamekwisha. Maksai wa kijiji, wale wa kuvuta majembe, walikuwa wamebaki mbavu, na mvua ya kupandia ilikuwa karibu. Mwenyekiti alikuwa ametoka kwenye semina huko, sijui nani alimwambia nini au yeye alisikia nusu, akarudi na habari kwamba ng'ombe anaweza kula taka za banda la kuku zikichanganywa na pumba, na ananenepa. Akaamuru banda lote lizolewe. Sehemu moja ikamwagwa malishoni karibu na kijito ili majani yaote, nyingine ikachanganywa na pumba ikawekwa kwenye hori la maksai. Namonje alimfuata mpaka zizini. "Mwenyekiti, humo mna mizoga." Akajibiwa, "Mzoga ukioza ni mbolea. Nenda kwenye kazi yako." Ng'ombe wenye njaa hawachagui. Walikula wakaramba mpaka mbao za hori.

Wa kwanza kuanguka aliitwa Polisi, maksai mkubwa mweusi, mtangulizi wa jembe la kwanza. Asubuhi alionekana anayumba miguu ya nyuma, kama mtu aliyekalia miguu ikafa ganzi. Mchana akalala, akashindwa kuinuka. Nimeona wanyama wengi wakifa, lakini kilichotutisha ni kwamba hakuwa na dalili ya kuumwa tuliyoijua. Mwili haukuwa na joto. Hakuharisha, hakutoa damu. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, yanakufuata unapopita. Ila ulimi ulitoka nje ya mdomo ukaning'inia, mate yanatiririka, na akiwekewa maji anayatazama tu, hawezi kuyameza. Alikaa hivyo, anatuona, anatusikia, mpaka pumzi ikaisha. Kabla hatujajua la kufanya akaanguka mwenzake wa nira, halafu wengine, na wote ni hivyo hivyo: miguu, kisha ulimi, kisha pumzi.

Watu wakasema wamefungwa ndimi. Neno hilo lilianzia kisimani, kufika jioni kijiji kizima kinalo. Na wakishasema wamefungwa, lazima awepo aliyefunga. Karibu na kijito, jirani na malisho, alikaa Bibi Nakamba, mjane asiye na mtoto, aliyeletwa na lori kutoka bondeni Momba wakati wa kuhamia vijijini. Hakuwa na ukoo hapa. Alizoea kuokota kuni malishoni alfajiri, akipita katikati ya ng'ombe huku akiwaongelesha, kama wazee wengi wanaoishi peke yao wanavyofanya. Hilo tu likawa ushahidi. Watoto wakaanza kumkimbia. Wanawake waliokuwa wakichota naye maji wakawa wanangoja aondoke kwanza. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni kwake na bakuli la karanga mkononi. Alikuwa amewaita watoto wapite wachukue, na hakuna aliyepita. Nikazichukua mimi, nikala. Alinitazama nikitafuna mpaka nikamaliza.

Bwana mifugo alitoka Vwawa kwa pikipiki ya serikali, kijana wa Tanga, mpole, anaitwa Salehe. Alipima joto la ng'ombe aliyelala, akasema hana homa. Akaushika ulimi, akauvuta taratibu kando ya mdomo, akauachia. Ulimi ukabaki pale pale ulipoachwa. Akapiga magoti pale kwa muda mrefu. "Anatuona huyu," akasema. "Mwili tu ndio umekataa." Akasema si kimeta, si ndigana. Akauliza wamekula nini. Mwenyekiti akajibu kwa haraka, "Majani ya Mungu, wangekula nini kingine?" Watu walikuwa wengi, wote wakatazama chini. Namonje hakusema kitu mbele ya watu, lakini Salehe alipokwenda kunawa, alimwendea akamwambia, "Bwana mifugo, nifuate." Tukampeleka zizini, yeye na sisi wawili. Akaingiza mkono kwenye hori, akatoa manyoya, akatoa mfupa wa paja, kisha kichwa cha kuku kikiwa bado na mdomo wake. Akavichunguza, uso ukambadilika.

Ndipo akatueleza, na mimi namshukuru mpaka leo kwa kuwa alitueleza kama watu wazima. Alisema mzoga ukifunikwa mahali penye joto na unyevu pasipoingia hewa, kuna vijidudu vinavyoota humo na kutoa sumu. Sumu hiyo haiui kwa kuchoma wala kutoa damu. Inakata amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli, kwa hiyo mnyama anataka kusimama lakini miguu haipati habari, anataka kumeza na ulimi haupati habari. Kidogo sana kinatosha kumwangusha maksai. Dawa ya kumwinua, hata kama ipo mahali duniani, yeye hana. Kilichopo ni kuwazuia wengine wasile. "Basi waambie," Namonje akasema. Salehe akafuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitaongea na Mwenyekiti kwanza."

Aliongea naye jua likizama, na sisi tukiwa kwenye magunia na ugali wetu. Tulimsikia akieleza yote vizuri. Kisha tukamsikia Mwenyekiti, hakufoka hata kidogo, alikuwa na sauti ya mzazi. "Mwanangu, wewe ni mgeni hapa. Wageni wa mkoa wamesifu mradi huu. Leo ukisema mradi umeua maksai, wataniuliza mimi, na wewe watakuuliza ulikuwa wapi. Sema kupe wamezidi, tunaomba dawa ya josho. Mambo yataisha."

"Hii si ya kupe, Mwenyekiti."

"Basi sema hujui. Kusema hujui si uongo."

 Halafu tukasikia kiti kikisogezwa na Salehe akisema, kwa taabu, "Kesho nitasema bado nachunguza."

"Na yule bibi?" Ilikuwa sauti ya mmoja wa wazee wa baraza.

"Yule wananchi wenyewe wameshaamua. Kesho mkutanoni tutamrudisha alikotoka. Watu wakishamwondoa watatulia," Mwenyekiti akajibu.

Nakumbuka nilitegemea Namonje amtukane bwana mifugo. Hakumtukana. Alirudisha tonge lake kwenye sahani, akasema, "Ameogopa. Na sisi tunaogopa. Lakini sisi tuna kwetu pa kukimbilia, Enesi. Yule bibi anakimbilia wapi?" Miaka yote hii, kila ninapomsikia mtu akisema siku zile hakuna aliyethubutu kuinua sauti, huikumbuka sentensi hiyo. Kuthubutu kulikuwepo. Kulikuwa stoo, kwenye pumba, kunanuka kuku.

Mkutano ulifanyika asubuhi mbele ya ofisi. Kila mtu alikuwepo, maana aliyekosa mkutano aliulizwa. Bibi Nakamba alikalishwa chini, peke yake, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Mwenyekiti akasimama nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa, akaeleza hasara iliyokipata kijiji, akasema bwana mifugo bado anachunguza, lakini wananchi wana macho, na kwa ajili ya amani mama huyu atapelekwa alikotoka leo hii. Kisha, kwa kuwa ni desturi, akamuuliza kama ana la kusema.

Yule bibi alisema kwa sauti kavu, bila kulia. "Mlinileta hapa kwa lori. Sikuomba. Nyumba yangu ya kule mgambo walitia moto ili nisirudi. Sasa mnaponirudisha, mnanirudisha kwenye nini? Sitoki. Mkitaka mnibebe, nami sitawasaidia kunibeba."

Ndipo sisi tukapita katikati ya watu. Tulikuwa tumebeba karai moja, kila mmoja kashika upande wake, limejaa taka kutoka kwenye hori. Kila hatua karai lilikuwa linagonga goti langu. Namonje hakuomba ruhusa. Tulilipindua lote juu ya meza, juu ya kitambaa, na harufu ikaenea uwanjani kote. Mabawa, mifupa, makucha. Kichwa kimoja kikaviringika mpaka kwenye mkono wa Mwenyekiti, akauondoa.

"Ondoeni uchafu huu!"

"Jana kilikuwa chakula, Mwenyekiti," Namonje akasema. "Leo kimekuwa uchafu?"

Mgambo wakasogea. Mwenyekiti akasema sisi ni wahujumu, tumetumwa, na huyu ana ndugu Zambia, ajulikane anafanya kazi ya nani. Neno wahujumu wakati ule lilikuwa zito. Watu walirudi nyuma kidogo, kama uwanja umepanuka. Sikuwa nimepanga kusema. Lakini nilimwona Bibi Nakamba ananitazama vilevile alivyonitazama nilipokuwa natafuna karanga, na nikajikuta naongea. Nilisema kuku walikufa kwa kideri. Nikasema tuliamriwa tuwafukie ndani ili wageni wasione, tukakataa, wakafukiwa na mgambo. Nikawataja wale vijana wawili kwa majina, nao walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka kwangu. Mmoja alitazama pembeni. Mwingine, namshukuru popote alipo, akasema kwa sauti, "Ni kweli. Mimi nilifukia."

"Uongo!" Mwenyekiti akapiga meza. "Hiki ni chakula cha ng'ombe. Nimesomeshwa. Hakina madhara!"

"Sawa," Namonje akasema. Alisema taratibu kabisa. "Kama hakina madhara, tumlete ng'ombe wako wa maziwa ale hapa, mbele yetu sote. Enesi, kamlete."

Mwenyekiti alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, amefungwa nyumbani kwake, analishwa migomba na pumba safi. Nilikwenda mbio kabla mtu hajanizuia. Mkewe nilimkuta uani anapepeta mchele. "Unamtaka wa nini?" akauliza. Nikamwambia ukweli: tunataka ale wanachokula maksai. Aliweka ungo chini, akakaa kidogo anafikiri, kisha akaenda mwenyewe kufungua kamba. Alinipa mkononi. "Mpeleke," akasema. "Mume wangu amwone."

Nilipoingia uwanjani na yule ng'ombe watu walifungua njia wenyewe. Nikamfikisha mezani. Naye, kwa kuwa taka zile zilikuwa na pumba, akanusa, akanyoosha shingo. Namonje alikuja kuniambia baadaye kwamba alikuwa ameuweka mguu tayari kuipiga teke ile meza kama ulimi ungegusa. Haikufika huko. Mwenyekiti aliruka mbele. Alimshika ng'ombe mdomo kwa mikono yake yote miwili, akamgeuza kichwa, kaunda suti ikapakaa mate, akabaki amemkumbatia shingo mbele ya kijiji kizima.

  Kisha mzee mmoja aliyepoteza maksai wake wote, wale aliowaingiza kwenye mali ya kijiji kwa moyo wake, akasimama, akavaa kofia yake, akasema, "Kumbe wewe ulijua," akaondoka. Wengine wakaanza kusimama. Na hapo ndipo Salehe aliposimama pia, macho yamemtoka, akasema yote: sumu ya mzoga, hori, malisho yale yafungwe leo, na hakuna mtu kula nyama ya ng'ombe aliyekufa. Kama alichelewa, alichelewa. Alisema.

Sitaki mtu adhani mambo yaliisha kama kwenye hadithi za shule. Taka zote tulizichoma, malisho yakazungushiwa miiba, hori likavunjwa. Lakini maksai waliokuwa wamekwisha kula waliendelea kuanguka kwa muda, na kila alipoanguka mmoja kulikuwa na mtu wa kusema, si mnaona, bibi bado yupo. Tulizika nyama nyingi mwaka ule, watu wana njaa wamesimama kando ya shimo wanatazama mapaja mazima yakifunikwa udongo, wengine wanalia kwa hasira. Mvua iliponyesha hapakuwa na wa kuvuta jembe. Tulilima kwa mkono, wanaume kwa wanawake, na mavuno yakawa machache. Salehe alihamishwa mbali, hatukumwona tena. Mwenyekiti aliendelea na kiti chake miaka kadhaa. Namonje alifungiwa kwenye stoo ya majembe siku mbili kwa kosa la kuvuruga mkutano, na mimi nilikaa nje ya mlango siku hizo mbili, nikimpitishia ugali chini ya bati, na mgambo aliyewekwa kulinda akajifanya haoni. Kisha wote wawili tukafukuzwa kwenye mradi, ambao kwa kweli ulikuwa umebaki bati tu.

Hata leo hapa Vwawa naona watu wanauziana taka za mabanda ya kuku kwa ajili ya ng'ombe. Husimama nikawaambia. Wananiona bibi msumbufu, na waendelee kuniona hivyo. Sikujifunza mwaka ule kwamba ukweli hushinda. Maksai wale hawakurudi. Nilijifunza kwamba mtu aliyekaa chini peke yake, miguu ameinyoosha, anaweza kubaki pale pale wakipatikana watu wachache tu wanaokubali kunuka pamoja naye.

Tulipofukuzwa stoo, Bibi Nakamba alitupokea kwake. Ndugu zake wa bondeni walipopata habari walikuja kumchukua, akawakatalia. Alisema akiondoka sasa watu watasema ni kweli. Kijiji kizima kilikuwa bado hakijathubutu kula chakula cha chungu chake. Kwa hiyo sisi hatukula ndani. Kila mchana Namonje alitoa mkeka, akautandika nje kabisa, pale njia ya kisimani inapopita, na tukala watatu sahani moja, watu wakipita na ndoo wanatutazama. Siku moja tukiwa tumekaa hivyo akaja mjumbe kutoka ofisini. Alisimama mbali na mkeka. Akasema Mwenyekiti ana huruma, kuna vifaranga vipya vinakuja, na tukienda kuomba radhi mbele ya mkutano, kazi yetu ipo.

Ulikuwa ugali wa ulezi na majani ya kunde, moto bado. Namonje alikata tonge, akalichovya, akatafuna mpaka akameza. Bibi Nakamba alisogeza bakuli la mboga karibu yangu.

"Kamwambie," Namonje akasema, "umetukuta tunakula."

Mjumbe alingoja. Na sisi tukaendelea kula.